Kitabu Kinaishia Ishirini na Tano

Jumatatu, 8 Julai 1974
Bwana Nestori karudi kozi. Wiki sita tu Dar es Salaam, karudi na kalamu tatu mfukoni na ujuzi wa dunia nzima. Mfyuu! Hata salamu hakunipa. Kanirushia mezani orodha ya wakimbizi wa Burundi watakaogawiwa mashamba huko Kagerankanda. Orodha yangu mwenyewe, niliipiga taipu mwezi wa tano, kurasa thelathini ukihesabu tangu jalada. Eti namba zake za kishamba! Walivyofundishwa wao: jalada halina namba, utangulizi namba za Kirumi, orodha ndiyo inaanza na moja. Stensili zote upya. Na utangulizi wenyewe ni kurasa nne za kujisifu.

Jumanne, 9 Julai
Nimemwambia. Bwana, kadi za wakimbizi niliandika mimi kwa mkono, ukurasa na mstari, kwa hesabu ya zamani. Ukianza na moja, zote zinapishana kwa tano. Akasema mimi nimeajiriwa kupiga taipu, si kufikiri. Haya!

Majina hayatawaokoa. Melkiadi anayegawa mashamba hasomi majina kabisa. Hatungimana, Harerimana, Havyarimana, anasema yanamchosha, tena baba na mtoto kila mmoja ana lake, la ukoo hakuna. Basi yeye ni ukurasa na mstari tu. Mvivu yule!

Dawa ni karatasi moja ya kumwambia Melkiadi atoe tano kwenye kila kadi. Ningeipiga kwa dakika mbili. Siipigi. Acha bwana mkubwa aaibike mbele ya watu.

Ijumaa, 12 Julai
Tumedurufu. Mikono wino mtupu. Ukurasa wa nne wa utangulizi kaniandikia IIII. Nimeupiga hivyo hivyo. Kwani aliyekwenda kozi ni mimi?

Jumatano, 17 Julai
Ugawaji umeanza na hakuna aibu yoyote! Mtu anatoa kadi, Melkiadi anatafuta mstari, anatia tiki, anampa shamba la mtu mwingine. Wote wanashukuru. Nestori anatembea kama bwana harusi. Nimekasirika mpaka chakula hakipiti.

Alhamisi, 18 Julai
Leo zimefika kadi za ukurasa wa ishirini na sita hadi thelathini. Watu mia. Kitabu kipya kinaishia ishirini na tano.

Melkiadi akamwita Nestori. Nestori akatazama kadi, akatazama kitabu, akasema ni za kughushi. Wawekwe kando, polisi aitwe, warudishwe mpakani Mabamba. Na mashamba ya kurasa tano za mwanzo, ambayo hayakudaiwa na mtu, maana kadi zangu zinaanzia ukurasa wa sita? Ya ziada, anasema. Shemeji zake wa Nyakitonto walishafika asubuhi, na majembe.

Kwenye kundi nikamwona Esteri. Mjane, ana watoto watatu, msimu uliopita alinilimia mihogo. Mumewe aliuawa kwao, mwaka ule wa sabini na mbili. Kadi yake ukurasa 28, mstari wa 9. Akanipungia mkono. Alifurahi kuniona!

Ijumaa, 19 Julai
Saa nane mchana, ofisini. Nimemweleza Nestori: toa tano, bwana, yote yanakaa sawa. Kaelewa! Nilimwona usoni kaelewa. Kisha akafunga mlango. Akasema nikitoa tano, ni yeye aliyekosea, na shemeji zake wameshaanza kulima. Niandike maelezo kwamba wakimbizi wamebadilisha namba wenyewe. La sivyo nitafute kazi kwingine.

Namdharau mtu huyu. Lakini nani alijua tangu Jumanne ile? Yeye alikuwa mjinga. Mimi nilijua, nikakaa kimya nipate kucheka. Astaghfirullah.

Polisi keshafika. Esteri kaja dirishani na kadi yake. Mwiriwe, dada Zuleha, akanisalimia kwa Kirundi, na uso mkunjufu. Akaniomba: toka uwaambie polisi kwamba mwandiko huu ni wako, watakusikiliza wewe. Nikamwambia subiri kidogo. Akasema sawa, akakaa chini barazani na mtoto wake mdogo.

Karatasi iko kwenye taipu. Nimepiga tarehe. Nimepiga neno moja: Mimi.

Nestori amekuja kusimama nyuma ya kiti changu, anasema endelea