Chujio Nililolitoa

Gungu, Kigoma, 1996

Kaka Oswald, shikamoo.

Mama hajambo, na dagaa wako nimewatuma kwa treni.

Lile lori limekufa injini. Ulinifundisha kukung'uta chujio la hewa kila jioni. Lilipoziba kwa vumbi nikaona uvivu, nikalitoa kabisa, na injini ikala vumbi hadi ikazimikia porini. Nilikuwa nimepakia wakimbizi, nawapeleka kambini. Walishuka wakaenda kwa miguu, watoto mgongoni. Tajiri mwenye lori nimemwambia ni mafuta machafu.

Bibi mmoja Mrundi aliniachia kidumu chake cha maji. "Baki nacho, mwanangu. Sisi kutembea tumeshazoea."

Nami, kaka, niliyanywa yote kabla hawajaipita kona.

Haya usimwandikie mama.

Mdogo wako,
Elikana