Mshipi Uliopigwa na Jua

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni. ~~Tubakizie.~~ Kula chote, leo mkosaji ni mimi.

Asubuhi kamba ya kuanikia ilikatika, nikafunga mshipi wako wa kuvulia, ule uliosema unavuta hata ng'ombe. Nimeanika suruali yako tu, ukakatika hata sijabana kibanio cha pili. Suruali nimeiloweka. Usiulize.

Basi samaki aliyekutoroka Jumapili, mimi na kaka zangu tukakucheka, hakukushinda nguvu. Mshipi ulishaozeshwa na jua, na aliyeutoa kabatini akauweka dirishani ni mimi.

Nimeenda kukununulia mwingine, mnene. Huo mpya utakaa kabatini, gizani. Kesho nakuja bwawani kukushikia wavu. Akitoroka tena, nitawaapia kaka zangu kwamba alikuwa mkubwa kama mlango.

Mama watoto