Ndoo ya Buluu Nyuma ya Magunia

Kawajense, Mpanda
Tarehe 14 Julai

Mdogo wangu Fabiani,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Vipi afya yako, shemeji Restituta na wajukuu wa huko Kasansa? Mpunga mmevuna vizuri? Sisi wazima, ila magoti yangu yamegoma kupanda miti. Nyuki waliposikia wamefanya sherehe. Mimi nasema kwa mdomo, mkamwana wetu Eufrazia ndiye anaandika, kwa hiyo herufi zikikupendeza usinisifu mimi.

Unajua Eufrazia ni mwalimu wa kemia. Likizo hii anafundisha watoto wa jirani hapa barazani, na mimi nakaa pembeni napepeta maharage, najifanya sisikii. Anasema kuna elementi, hiyo ni kitu kimoja tupu, kama dhahabu, uikate vipi ni dhahabu tu. Halafu kampaundi, vitu vimefungana mpaka vimekuwa kitu kingine, kama maji au sukari. Na kuna mchanganyiko, hivyo vimekaa pamoja tu, ukivitenga vinaachana. Nikawaambia watoto basi mimi ni elementi, mwanaume niliyefukuza tembo watatu kwa moshi wa kurinia asali. Mke wangu Marsela akadakia kutoka jikoni kwamba mimi ni mchanganyiko wa maji na uongo, na tembo alikuwa mmoja, tena alikuwa anajiondokea zake. Watoto walicheka mpaka somo likafa.

Kesho yake Eufrazia akaomba asali iliyoganda awaonyeshe. Nikamjazia chupa kutoka kwenye ndoo ya buluu iliyo nyuma ya magunia ya mahindi. Akawaambia asali ni mchanganyiko, maji kidogo na sukari walizotengeneza nyuki wenyewe, na baridi ikiingia aina moja ya sukari inajitenga, inakuwa chenga, punje punje kama sukari ya dukani. Hakuna mtu aliyetia kitu. Akaiweka chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, na kabla ugali haujaiva asali ilikuwa inatiririka kama siku ya kurinwa. Ungo ukaniponyoka, maharage yakamwagika barazani.

Miaka tisa sasa, Fabiani. Unakikumbuka kikao cha kikundi chetu cha wafuga nyuki, ndoo yako ilipofunguliwa ikakutwa ni chenga. Nilisimama mimi, kaka yako wa tumbo moja, nikasema nyuki wa Fabiani siku hizi wanachuma dukani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kile kicheko ndicho kilichokufukuza. Wakakuita Fabiani Sukari hadi ukaacha mizinga yako porini, ukahamia huko Kasansa. Tangu somo lile, wanaonitetea hapa nyumbani wanasema mzee hakusoma, alikosea tu. Nimewaacha waseme hivyo.

Si kweli. Ile ndoo ya buluu ni yangu. Asali yake niliirina wiki ileile uliyorina wewe, pori lilelile, na asubuhi ya kikao nilifungua kifuniko nikakuta chenga tupu. Mimi sikuwa nimetia hata kijiko kimoja. Kwa hiyo nilijua na wewe hukutia. Hilo halikuhitaji kemia. Niliogopa jina langu la mrinaji bingwa litakwisha, nikaificha ndoo, nikaenda kuwachekesha kwa ya kwako ili wasiulize ya kwangu.

Hapa Eufrazia ameweka kalamu chini, kanitazama. Nimemwambia aandike hivyohivyo.

Jumapili ijayo baada ya misa kikundi kinakaa. Ndoo nitaibeba mwenyewe na magoti haya, nitawaambia kama nilivyokuambia wewe, bila tembo hata mmoja. Ningependa uwepo, kifuniko ukifungue wewe. Usipokuja sitakulaumu, na maneno yatakuwa yaleyale. Nimempa Yotham wa bodaboda chupa moja ya asali hiyo akuletee. Sijaipasha moto, ili uione ilivyo.

Marsela anawasalimia wote, na shemeji umwambie bado nakumbuka wali wake. Mizinga yako mitano ina nyuki mpaka leo. Naichungulia kila mwaka. Sijairina hata mara moja, na hilo si la kujisifu.

Ni mimi kaka yako,
Deusdedit