Wiki Ijayo, Shangazi

Dada Solveig,

Huku Minnesota theluji inayeyuka, na sisi hatujambo. Nimepaka rangi rafu zote, nimechonga penseli zote. Kile kitabu cha historia ya kanisa letu, mwaka wa tisa huu, bado sijaanza kukiandika. Usinicheke.

Kinasa sauti ulichonitumia kilikuwa hata hakijatoka kwenye boksi. Kila Jumapili, tukinywa kahawa baada ya ibada, Shangazi Borghild alinitania: "Wewe Halvor, unangoja nizikwe ndio uje kunihoji? Nimebaki mimi tu niliyewaona wazee wakilijenga kanisa!"

"Wiki ijayo, Shangazi."

Baridi hii yote hakuja ibadani; juzi nilikitoa kile kinasa, nikamwendea nyumbani. Alinimiminia kahawa, akanitazama kwa upole, akauliza, "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?"

Mdogo wako,
Halvor