Nilisema Simjui Skola

Jumamosi, jioni

Upepo wa mwera umevuma tangu asubuhi na ziwa limechafuka. Ndani yangu nako hakujatulia.

Mimi ni mtu wa haya. Mpaka namaliza kidato cha nne sikuwahi kunyoosha mkono darasani bila kutetemeka. Lakini wiki iliyopita kwenye sala za jumuiya, akina mama walipomsema Skola, rafiki yangu aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito, nilisimama. Nikasema wanaomkwepa hawana imani. Nikasema mimi, popote nitakapomkuta, nitamkumbatia mbele za watu.

Walinipigia makofi. Nikarudi nyumbani nikijiona karibu mtakatifu.

Juzi, tukitoka mazoezi ya kwaya, tulipita ufukweni wanakoanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Skola alikuwa kwenye chanja, mtoto mgongoni. Akanipungia mkono. "We Neema! Umemaliza shule, na salamu umemaliza?"

Wenzangu wakacheka. Mmoja akauliza, "Shoga yako huyo?"

"Simjui. Amenifananisha."

Skola alisikia. Mkono wake ulibaki juu.

Nimesali rozari, lakini kila nikifika kwenye neno "wakosefu" naishia hapo. Neno hilo nimelitamka tangu utotoni nikiwafikiria watu wengine.

Leo nilikwenda kwao. Sikuapa chochote, niliomba tu miguu isigeuke njiani. Nikapiga hodi.

"Karibu, mgeni," Skola alisema bila kutabasamu, akigeuza usipa alioanika uani. "Tunafahamiana?"

Nikalia. Hakunibembeleza.

"Acha kunilowanishia usipa. Geuza upande ule."

Tuligeuza mpaka jua likapungua. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilipoaga ndipo akasema, "Kesho kanisani utakaa na mimi, au nitakuwa nimekufananisha tena?"

Kukaa naye ni kuacha viti vya kwaya, na kanisa zima litaona. Wiki iliyopita ningeapa papo hapo. Leo nilimwambia kweli.

"Nataka. Lakini naogopa."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Basi njoo na woga wako. Unipitie hapa, twende wote."

Gauni nimeshapiga pasi. Sare ya kwaya nimeiacha kwenye msumari.

Ee Bwana, safari hii sikuahidi kitu. Nifikishe tu mlangoni kwa Skola.