Nyongeza ya Dagaa

Pasiansi, Jumamosi, 8 Novemba. Usiku wa mawingu, ziwa limetulia.

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Kikohozi cha babu yako kimepungua. Umeniuliza kama ni vibaya kufurahia gauni ulilonunua kwa bei ya chini namna ile.

Nikiwa msichana nilimsindikiza mama kununua dagaa sokoni Kirumba. Alipunguziwa bei, kisha akadai nyongeza kama kila mtu. Muuzaji hakugusa lundo lake. Alichota kwenye bakuli la mwanamke aliyeketi pembeni, aliyemwanikia dagaa wale.

"Hilo si lake?" nikauliza.

"Ndiyo ujira wake, binti. Mimi mama yako ameshanimaliza."

Yule mwanamke akacheka. "Chukueni tu. Mtakapokula, mimi nitanusa."

Mama akairudisha nyongeza bakulini. Njiani akaniuliza, "Kama nilimmaliza, kwa nini muuzaji alikubali bei yangu?"

Swali lile ninalo hadi leo. Ila nikipewa nyongeza, kwanza natazama mkono unachota kwenye bakuli la nani. Bakuli lililochotwa ili gauni lako liwe rahisi silioni kutoka huku. Ukiliona, niambie.

Saa tatu na nusu usiku. Nalala.

Bibi yako