Mlango Nimeufunga Mwenyewe

Baba yangu, Afande wangu,

Hukuwahi kuuona ugonjwa huu, na mara nyingine nafikiri ni afadhali, maana ungetutesa. Ungetupanga uani kwa mstari, mkono mmoja kati ya mtu na mtu, ungekagua barakoa kama ulivyokagua kucha zetu, na ambaye hakunawa angechota maji ya nyumba nzima. Ungefurahia mno. Nchi yote ilikuwa inasema maneno yako: kaa ndani, nawa mikono, tii amri. Nilikuwa nasikiliza matangazo redioni huku nacheka peke yangu, nikisema huyu mtangazaji naye lazima alilelewa kwenye kota za magereza Jinja.

Nakuandikia kwa sababu safari hii ugonjwa ulipiga hodi kwangu.

Chumba changu cha Namakwekwe unakijua. Ulilala humo ulipokuja Mbale kutibiwa macho, ukalalamika kwamba dirisha langu ni dogo kuliko la selo. Ni kile kile. Vyumba vya kupanga vimeshikana kwa mstari, bomba moja, choo kimoja mwisho wa ua. Kazi nayo ni ile ile, nasuka. Wanawake wa hapa wasiotaka hata kukisikia Kiswahili, wanaosema ni lugha ya wanajeshi na wezi, ndio hao hao wanaokuja kukaa kati ya magoti yangu na kuniambia "nisuke biswahili", maana hapa ndivyo wanavyoiita mistari inayosukwa kwa nywele zenyewe. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Kumbe hiyo lugha wanabeba kwa kichwa!" ukasema.

Majibu ya kipimo yalikuja kwa simu. Dada wa hospitali aliniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba hali yangu si mbaya, nijitenge nyumbani, nifungue dirisha, ninywe maji, na pumzi ikianza kunisumbua nipige simu mara moja. Mama yuko Jinja, na magari ya kutoka wilaya moja kwenda nyingine yalikuwa yamesimamishwa. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Niliwaambia majirani mwenyewe, kupitia dirishani, ili wasiusikie ugonjwa wangu barabarani. Nikawaambia sitatoka, wasiwe na hofu. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Mama Khainza, wa chumba kinachotazamana na changu, alitoka na kigoda. Siku chache kabla nilikuwa nimemsuka binti yake rasta ndogo ndogo, kazi ya kutwa nzima. Alimketisha yule mtoto kwenye kigoda pale pale uani, akamfumua kichwa chote, akazikusanya zile nywele za bandia na kuzitia moto. Unajua rasta inavyonuka ikiungua. Moshi uliingia dirishani kwangu, nami nilikuwa nimeambiwa dirisha nisifunge. Nikakohoa, nikakaa kitandani nikiitazama mikono yangu.

Hapo ndipo nilipoogopa, Baba. Kifo nilikuja kukiogopa baadaye. Siku ile niliogopa kwamba hata nikipona, hakuna mtu atakayenipa kichwa chake tena. Mikono hii ndiyo inayonilisha na ndiyo inayonifanya niwe mtu hapa mtaani. Msusi ambaye watu wanavikimbia vidole vyake atakuwa nani? Nililia kwa hasira, na ungekuwepo ungeniambia nipanguse uso kabla ya paredi.

Kesho yake mchana landilodi, mwenye vyumba hivi, akaja. Unamkumbuka, yule mwenye tumbo na kofia ya sufu aliyekuuliza kama umekuja na bunduki. Akiwa na furaha hunisemesha Kiluganda. Akitaka kuniamrisha hugeukia Kiswahili, maana kichwani mwake hiyo ndiyo lugha ya amri. Nikamsikia mlangoni: "Wewe mtoto ya afande! Kaa ndani hapo hapo. Mimi nareta kufuri. Hii mambo ni ya watu yote!"

Nikachungulia. Amesimama mbali, anausukuma mlango wangu kwa mpini wa ufagio kana kwamba una meno. Mama Khainza yuko nyuma yake, mikono kiunoni, barakoa kidevuni. Landilodi akajivisha mfuko wa plastiki mkononi, akasogea akiwa ameziba pumzi, akapachika kufuli kwa nje, akalibana. Ufunguo ukaingia mfukoni.

Unajua nilichokiona pale? Nilikuona wewe, na bukta yako ya bluu.

Ulikuwa umetoka zamu, umelala. Mama akaenda sokoni, akasahau kwamba upo ndani, akafunga kwa nje kama alivyozoea. Sisi watoto tulikuwa tunacheza nyuma ya nyumba. Tukasikia mlango unagongwa, tukadhani unatutania, tukawa tunaitikia "Nani huko?" na kukimbia. Ukavunja dirisha. Ukatoka na pazia limekuning'inia shingoni, na askari wenzako wote wa kota wakakupigia makofi. Hukucheka. Ulikataa kuingia tena ndani mpaka chakula kikaiva, wewe uliyewafunga watu kila jioni kisha ukaja nyumbani kula samaki bila wasiwasi. Baada ya chakula nikakuuliza, kwa ujinga wa mtoto, kwa nini wafungwa wenyewe hawavunji dirisha.

"Mfungwa iko na mimi," ukaniambia. "Mimi nafunga, mimi nalisha, mimi natoa ndoo yake. Akiugua, ni mimi. Kufunga mtu na kuenda na funguo, hiyo si jela. Hiyo ni kuua."

Halafu ukanituma maji ya kunywa, na habari hiyo hukuigusa tena maisha yako yote.

Basi nikainuka, Afande. Kichwa kilikuwa kinagonga, lakini nikainuka, nikashika nondo za dirisha, na sauti iliyotoka ilikuwa yako. Sikutumia hiki Kiswahili ninachokuandikia. Nilitumia kile cha kota, kile cha asubuhi ya kuhesabiwa.

"Bwana! Umemaliza kufunga?"

"Nimefunga!"

"Haya. Sasa wewe ndio afande ya hii jela, na mimi ni mfungwa yako. Asubuhi unaleta uji. Wewe unaleta, si mimi. Mchana posho na maharage. Jioni hivyo hivyo. Maji ya kuoga iwe moto, mimi mgonjwa. Na hii ndoo ya choo, maana choo iko nje na mimi iko ndani, utapokea hapa dirisha kila siku, na mkono yako mwenyewe. Usichelewe. Ndoo haingoji mtu."

Halafu Hajati, yule mama wa chapati wa chumba cha jirani, akaanza kucheka ndani kwake, kicheko kile cha tumboni ambacho mtu anajaribu kukizuia na hakizuiliki. Mwingine akamfuata.

"Mimi iko landilodi," akasema yule bwana, "mimi hapana beba ndoo ya mtu!"

"Basi toa kufuli."

Akamgeukia Mama Khainza. "Wewe uliniita. Wewe utabeba?"

"Mimi? Mimi nilisema tu!"

Alisimama pale akilitazama kufuli lake, nami nilimwona anapiga hesabu ya ile ndoo. Mwisho akajivisha tena ule mfuko wa plastiki, akafungua. Akapiga kelele kwamba nisithubutu kutoka. Nikamwambia sitoki, sikuwahi kusema kwamba nitatoka, na nilikuwa nimeshajifungia kabla hajajua kama naumwa. Kisha nikalisukuma komeo langu la ndani kwa nguvu, mara mbili, ili hata walio barabarani wasikie ni nani aliyeufunga mlango huo.

Najua ungenigombeza. Kumjibu mtu mzima, mwenye nyumba, tena mbele za watu! Amri ni amri, ungesema, na ungekunja uso. Hapana, Baba. Hapo hatukubaliani, na sasa hivi huwezi kunituma maji ili kumaliza mazungumzo. Nilikubali kukaa ndani kwa sababu sikutaka mtoto wa mtu aumwe kwa ajili yangu. Hiyo ilikuwa akili yangu na moyo wangu. Angenifungia kwa nje, wema wangu wote ungegeuka kuwa wa kufuli lake.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu, sikufichi. Mwili ulivunjika. Kuna alfajiri niliamka pumzi haifiki chini, nikashika simu mkononi na kukaa wima ukutani, nikakuita kwa jina lako, si Afande, jina lako hasa. Niliogopa kama mtoto. Pumzi ikarudi polepole, nikaona nondo za dirisha zinaanza kupata rangi, nikajiambia haya, kuruta, simama.

Kwa hiyo nilisimama. Nilipiga paredi humo chumbani, kati ya kitanda na jiko la sigiri, mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, na kwa kuwa nafasi haitoshi kila nikigeuka nagonga kabati. Nilijihesabu mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Nilijifukiza kwa majani ya mwarobaini na tangawizi mpaka karatasi ya kalenda ikabanduka ukutani. Nilisugua masufuria yaliyokuwa yamekata tamaa ya kung'aa. Na vidole vilipoanza kuniwasha kwa kukosa kazi, Baba, nilisuka. Nilisuka pindo za pazia. Nilisuka nyuzi za kitambaa cha meza ambacho Mama alinishonea. Nilisuka ufagio wa kupigia deki, mtindo wa twende kilioni kabisa, na njia zake zimenyooka, ukawa mzuri kiasi kwamba niliona haya kuuchovya kwenye maji. Mwisho nikajisuka mwenyewe, hata huku nyuma kisogoni ambako siku zote nilidhani mtu hawezi kujifikia. Unaweza. Mabega yanauma, unakosea, unafumua, unarudia, lakini unaweza.

Hajati alikuwa ananiwekea jerikeni la maji na chapati mlangoni, anabisha kwa fimbo, anapiga kelele "Afande! Chakula ya jela!" na kukimbia akicheka. Jina hilo limeniganda mpaka leo. Choo nilikwenda alfajiri kabla wengine hawajaamka, na jivu, na dawa ya kuua vijidudu, nikakiacha kisafi kuliko nilivyokikuta. Mama alipiga simu kila jioni kuuliza nimekula nini. Nilimwambia samaki. Nafikiri alijua hakuna samaki, maana hakuuliza ni samaki gani.

Kisha dada wa hospitali akanipigia kwamba nimemaliza, naweza kutoka. Nilioga, nikavaa gauni la njano, nikatoa kigoda changu, kichana na mafuta, nikakaa nje ya mlango wangu mchana kweupe, pale pale ninapokaa kila siku.

Hakuna aliyekuja. Wasichana waliokuwa wananigombania Jumamosi walipita wakitazama simu zao. Mmoja alinisalimia akiwa ameshaupita mlango. Jioni nikaingiza kigoda, asubuhi nikakitoa tena. Hajati alikuja kuzungumza, lakini yeye hasukwi, anafunika kichwa na nywele zake hunyoa. Nilikaa. Watu wakapita nami nikakaa, nimevaa gauni langu, na kichwa changu mwenyewe kimesukwa vizuri kuliko chao wote. Wazo la kuhama lilinijia, nakuambia ukweli. Kwenda Namatala, ambako hawanijui, nikaanze upya. Nikalikataa. Kama ni kunikimbia, wakimbie wao. Mimi nilikuwa hapa kwanza.

Niliendelea hivyo mpaka nikaacha kuinua macho kila mlango unapolia.

Siku moja mlango unaotazamana na wangu ukafunguka, Mama Khainza akatoka. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani. Alivuka ua bila haraka, na nikadhani anakwenda bombani, lakini ndoo hakuwa nayo. Akafika, akasimama mbele yangu. Hakuomba radhi. Nami sikumkaribisha. Akavua kitambaa, na nywele zilizokuwa chini yake zilikuwa zimefumuliwa zamani, zimejisokota, zimekaa vibaya. Akageuka, akaketi chini kati ya magoti yangu, na akasema bila kunitazama:

"Usivute sana."

Niliweka vidole vyangu vyote kichwani mwake, nikaviacha vikae hapo kwanza, avisikie, na madirisha yote ya ua yavione. Shingo yake ikakaza. Halafu ikalegea. Nikagawa njia ya kwanza, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, nikashika nywele.

Nikavuta.

"Aii!" akasema. Lakini hakuinuka, Baba. Alikaa mpaka mstari wa mwisho.

Nakuacha upumzike sasa, Afande. Zamu ya huku ninayo mimi.

Mtoto wako wa mwisho